Laptop Ilipozimika, Nikaanza Kusikia

Bwana asifiwe, wapendwa. Asifiwe na ninyi mlio mbele, asifiwe na ninyi mlioketi kule nyuma, mahali ambapo mimi nimeketi muda mrefu nikiondoka kabla ya baraka. Wengi mnanijua kama Mama Mwende, wa ghorofa za Tassia, karani katika ghala. Leo nimesimama kusema Mungu amenitoa wapi.

Ndugu zangu, mnamkumbuka mume wangu Mutua. Alikuwa dereva wa lori, na hapa kanisani aliimba besi. Mazoezi ya kwaya yalipofanyika kwetu nyumbani, aliyarekodi kwenye laptop yake ili akiwa safarini aendelee kujifunza wimbo. Alipougua na Bwana akamchukua, nguo zake nilizigawa. Viatu vyake nilivigawa. Laptop nilibaki nayo, kwa sababu sauti yake ilikuwa humo.

Nilianza kwa kusikiliza Jumapili tu. Halafu ikawa kila jioni. Nikitoka kazini naingia chumbani, nafunga mlango, navaa hedifoni, nalala chali. Mutua anaimba. Anakohoa. Anawaambia watu wa sauti ya tatu waanze tena. Hapo ndipo nilipokuwa naishi. Huku nje sufuria zilikuwa zinaoshwa, maji yanachotwa, binti yangu Mwende anakuwa mrefu, anamaliza kidato cha nne, na mimi niliyaona hayo yote kama mtu aliye chini ya maji anavyowaona watu walio ukingoni. Midomo inacheza. Sauti haifiki.

Mchungaji alikuja, wazee wakaja, wakaomba nami. Nilisema amina huku nikingoja waondoke.

Jioni moja laptop iliniletea ujumbe kwamba kuna famwea mpya. Sikujua ni kitu gani. Baadaye nilielezwa kwamba ni ile programu ya ndani kabisa, inayoamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Nikabonyeza kukubali. Mstari mweupe ukaanza kutembea polepole kwenye kioo, na kabla haujafika mwisho, stima ikapotea Tassia nzima. Betri ya laptop ilikuwa imekufa zamani. Stima iliporudi, taa yake ndogo iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaikumbatia kifuani nikihisi joto lake. Nilijiambia kwamba Mutua amekufa mara ya pili.

Nikaipeleka Kariobangi kwa fundi mmoja aitwaye Wanjiru, ambaye kibanda chake kiko katikati ya watu wa kuchomelea vyuma. Aliifungua, akaichunguza muda mrefu, huku cheche zikidondoka nje ya mlango na mimi nikizitazama kama niko usingizini. Nikamwuliza kama imekufa.

"Haijakufa, mathe," akaniambia. "Imesahau tu vile huwa inaamka. Iache hapa."

Akanieleza kwamba rekodi zinakaa mahali pengine humo ndani na huenda ziko salama, lakini ni lazima aiandike upya ile famwea, na kwanza apate inayolingana na mashine hiyo. Hakuniahidi kitu. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Jioni zilizofuata, ndugu zangu, sijui nizieleze vipi. Nililala chali vilevile, masikio wazi. Mwanzo kulikuwa kimya. Kisha kile kimya kikaanza kujaa. Nikasikia pampu ya maji ya ploti yetu. Nikasikia mama wa juu akimwita mtoto, chapati ikigeuzwa, mtu akicheka kwenye ngazi. Mwanga wa jua ukapenya pazia, chumba chote kikawa rangi ya chai. Nikaomba kwa maneno yangu mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mazishi. Nikasema, Bwana, nirudishie sauti yake. Na nikiwa bado katika kuomba, nikasikia zipu ya begi ikifungwa.

Nikainuka. Mwende alikuwa sebuleni, amevaa viatu. Begi lake lilikuwa mlangoni. Nikamwuliza anaenda wapi.

Aliniangalia bila hasira, alishangaa tu. "Jericho, kwa shangazi," akasema. "Nilikuambia, Mama. Nilikuambia wiki nzima kabla laptop haijazimika, na wewe ukatikisa kichwa kukubali."

Nilikuwa nimetikisa kichwa kufuata wimbo kwenye hedifoni.

Aliniachia ugali mezani, ameufunika vizuri, akashuka. Nikasikia hatua zake kwenye ngazi mpaka chini, mpaka getini, mpaka zikachanganyika na za watu wengine. Nikapiga magoti papo hapo, na laptop sikuikumbuka. Nilisema, Bwana, nifungue masikio. Hayo tu. Nikaendelea kupiga magoti, na amani ikanishukia, nzito na laini, kama uzito wa mtoto anapopata usingizi mgongoni.

Jumamosi alasiri nikaenda huo mtaa wa Jericho. Shangazi yake Mwende, dada ya Mutua, anakaa kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili. Mwende alikuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya sukuma. Nikaketi karibu naye.

"Sijakuja kukurudisha," nikamwambia. "Nimekuja kukusikiliza. Niambie yote, hata kama umeshaniambia."

Aliendelea kuchambua mpaka sukuma ikaisha. Ndipo akaanza. Akanieleza habari ya homa iliyompeleka zahanati peke yake. Akanieleza jinsi alivyokuwa akila na kiti amekisogeza kando ya mlango wangu. Kwaya ya vijana walimpa kuongoza sauti ya kwanza, akaja mbio kuniambia, akanikuta nimefumba macho. Kisha akasema neno lililonivunja, kwamba sauti ya baba yake imeanza kumpotea. Hakuwa ameisikia tangu tumzike, maana hedifoni zilikuwa kwenye masikio yangu. Nikalia, naye akalia. Shangazi akatoka na chai, akatuona, akairudisha ndani polepole.

Hakurudi nami siku hiyo. Nikaenda tena, na tena, kila mara kusikiliza. Halafu jioni moja nikafungua mlango kule Tassia nikakuta viatu vyake.

Ni baada ya hapo ndipo Wanjiru aliponipigia simu akasema laptop imeamka. Nilienda na Mwende kuichukua. Tukaiweka mezani, tukafungua dirisha, tukaacha sauti itoke kwenye spika. Mutua akaimba nyumba nzima. Ilikuwa rekodi niliyoisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Katikati wimbo unakatika, watu wananung'unika, na Mutua anasema kitu kwa sauti ya chini, amegeuka upande. Siku zote mahali hapo nilikuwa nangoja tu aanze kuimba tena. Safari hii nikasikia alichosema.

"Ngojeni kidogo. Mwende ananiita."

Kisha hatua zake zinaondoka, na kwaya nzima inabaki inangoja.

Mwende aliweka mkono mdomoni. Aliniomba nirudishe nyuma, nikarudisha. Jirani alikuwa amesimama kwenye baraza na beseni la nguo.

Namshukuru Mungu, wapendwa. Ningeshukuru hata kama ile mashine isingeamka. Namshukuru kwa binti yangu, yule pale kwenye kwaya ya vijana, safu ya mbele. Na wewe uliyejifungia ndani na huzuni yako, nakusihi umwite Yesu leo, hata kwa neno moja, hata kwa sauti isiyomfikia mtu wa kando yako. Usidhani utamkatiza. Kwa mtoto anayeita, Baba yetu husimamisha wimbo.