Danstan Niyongabo, Mwenyekiti Asiyepokea Udhuru

Marehemu Danstan Niyongabo alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, Kanazi, wilayani Ngara, mtoto wa nne wa marehemu mzee Anatoli na marehemu mama Véronique. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Alifaulu, ila nafasi ya sekondari ikaenda kwa mwingine. Hakupenda kulizungumzia hilo, isipokuwa kila siku.

Mwaka 1990 alihamia Nyarubungo, Biharamulo, akalima migomba na maharage. Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa na Auleria.

Mwaka 2023 wazazi walianzisha chekechea ya ushirika. Marehemu alimpeleka mjukuu wake, Uwase, akarudi akiwa mwenyekiti, kwa sababu wengine wote walikuwa wamekaa na yeye tu ndiye aliyesimama. Kila mzazi alipewa siku yake ya kupika uji na kushinda na watoto. Zamu ikikosa mtu, chekechea inafungwa. Haikuwahi kufungwa. Wanaume wenzake walituma wake zao. Yeye alikwenda mwenyewe. Uji wake ulikuwa na madonge. Watoto wakamwita Babu Madonge, naye akaitika.

Jirani yake, Modestus, aliwahi kumjaribu.

"Shikamoo mwenyekiti. Kesho sitafika, nina msiba."

"Marahaba. Amefariki nani?"

"Shangazi wa shemeji."

"Basi mwenye udhuru ni yeye. Wewe njoo na kuni."

Aprili mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili. Wiki hii, akiwa kitandani hospitalini, aliuliza, "Alhamisi ni zamu ya nani?"

"Yako, baba Diane," mama Auleria akamjibu.

"Basi waambie waniruhusu."

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, asubuhi. Habari ilifika nyumbani chai ikiwa mezani. Tuliinywa.

Leo ndiyo Alhamisi. Jana kamati ilikuja kumuuliza mama kama chekechea ifungwe. Akasema, "Mkishaifunga, mtakwenda kumwambia nani?"

Modestus akasema, "Nitapika mimi."

"Wewe si una msiba?" mama akamuuliza.

"Mwenye udhuru ni yeye."

Kwa hiyo Modestus akichelewa kufika kaburini, akinuka moshi, mpisheni.

Marehemu ameacha mjane, Auleria, watoto Diane, Erasmus na Joyness, mjukuu, Uwase, na chekechea nzima, ambayo bado haijaambiwa kwa nini uji wa leo hauna madonge.

Mwenyekiti, udhuru wako umepokelewa. Upumzike kwa amani.