Ndugu wa Mbali

Kinyozi alifumba macho tangu mshonaji apande basi amekumbatia kichwa cha cherehani, maana aliyelala haombwi kiti. Lakini masikio hayana kope.

"Sisi sote ni ndugu, dada," mfuga kuku wa kiti cha mbele alimwambia mshonaji aliyesimama. "Una wazazi wawili, babu na bibi wanne, waliowazaa hao ni wanane. Rudi nyuma hivyohivyo vizazi thelathini tu, unafika watu zaidi ya bilioni! Dunia ya wakati ule ingewatoa wapi? Lazima mababu walijirudia, wako wakawa wangu."

"Na hiyo pua yako nayo ni ya ukoo wetu?"

"Pua ni kura tu. Huyu anaipata, yule anaikosa."

"Haya, kaka. Undugu ni kufaana, si kufanana. Inuka nikae."

Mfuga kuku akakohoa. "Undugu wenyewe wa mbali mno, dada."

Abiria wakaangua kicheko. Kinyozi akakaza kope, akaongeza na mkoromo.

Basi liliposimama kituo cha mwisho, mkono ukamgusa begani.

"Amka, ndugu yangu," mshonaji akamwambia. "Tumefika."