Profesa Gerishon Mbuthia Wachira na Chuo Chake cha Naiberi (1950–2025)

Marehemu Profesa Gerishon Mbuthia Wachira alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Ainabkoi, kifungua mimba wa marehemu Mzee Wachira na marehemu Mama Warigia, wakulima waliohamia huku kutoka Nyeri. Nyumbani aliitwa Mbuthia tu, na hata ulimwengu ulipompa uprofesa, mama yake hakuona sababu ya kubadilisha.

Elimu ya msingi aliipata Ainabkoi, na ya sekondari mjini Eldoret. Mwaka wa 1971 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Naiberi. Darasa lilikuwa banda la mabati. Mvua ya hapa ikianza, mwalimu alinyamaza na wote wakangoja ipite, na marehemu alisema huko ndiko alikojifunza subira ya mkulima. Mwaka wa 1977 alikwenda Uingereza kwa shahada ya uzamifu ya kilimo. Aliporudi mwaka wa 1981 vyuo vikubwa vya Nairobi vilimtaka, lakini akaenda kufundisha Naiberi, chini ya mabati yale yale.

Tarehe 17 Disemba 1983 alifunga ndoa na Waceke, mwalimu wa shule ya msingi. Kabla ndoa haijatimiza mwezi, bibi harusi aliona mfuko wa ngano safi chini ya kitanda, akaupeleka posho mill, akapika chapati. Bwana alikula mbili ndipo akauliza unga umetoka wapi. Alipoambiwa, alishika kichwa.

"Waceke, umepika utafiti wa miaka miwili," alisema. Halafu akaomba chapati ya tatu, maana zilikuwa tamu kweli. Bahati nzuri, mama yake Mbuthia, ambaye hakuamini kuweka mbegu yote nyumba moja, alikuwa amehifadhi kopo moja Ainabkoi.

Kutokana na kopo hilo marehemu alipata ngano iliyostahimili kutu, ugonjwa uliokuwa ukimaliza mashamba yetu. Kufikia mwaka wa 1989 ilikuwa imeenea Uasin Gishu yote, na baadaye ikavuka mipaka na jina la marehemu likavuma. Lakini mwaka wa 2007 Naiberi kiliunganishwa na chuo kingine kikubwa, bango likang'olewa na jina likafutwa. Marehemu aliumia kama mtu aliyefiwa. Miaka minne baadaye alipigiwa simu kutoka ng'ambo kwamba ameteuliwa kupewa nishani ya sayansi. Waliuliza waandike ni wa chuo gani.

"Andikeni Naiberi."

"Profesa, chuo hicho hakipo tena."

"Mimi nipo. Andikeni Naiberi."

Walikataa, naye akaikataa nishani. Mama Waceke alimnunia wiki nzima, kwa sababu alikuwa ameshashona nguo ya safari.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka wa 2022. Alihudumiwa kwa upendo katika hospitali ya misheni huko Plateau, na tunawashukuru madaktari na wauguzi. Maumivu hakuyalalamikia. Jambo lililomkosesha raha alimwambia binti yake waziwazi: "Nikienda, Betty, nani atakumbuka kulikuwa na Naiberi?" Betty akamrekebishia mto. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Waceke.

Ameacha mjane, Mama Waceke; watoto wawili, Betty na Gichuru; wajukuu watano; na dada yake, Waiyego.

Ameacha pia wanafunzi wake. Tulipokuwa tukiandaa wasifu huu, simu ya Betty haikupumzika: watu wa Turbo, wa Garissa, wa Kampala, wakiuliza njia ya kufika hapa mazishini. Wengine tunajua ni wakubwa serikalini. Lakini walipoulizwa ni akina nani, hakuna aliyetaja cheo. Kila mmoja alisema, "Mimi ni wa Naiberi." Tunawaomba sasa ninyi wa Naiberi msimame, Mama Waceke awaone.

Pumzika kwa amani, Mbuthia wa Naiberi.