Ndugu Filbert na Robo Saa ya "Ingekuwaje?"

Tarehe 30 Juni 1977 Ndugu Filbert Komba, mchoraji mkuu wa Idara ya Michoro, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha samani: kumi na sita chini ya tajiri, na kumi chini ya Shirika la umma na kamati zake. Mwenyewe husema tajiri alikuwa mmoja tu.

Alianza kwa kupiga randa, akapanda hadi kwenye meza ya kuchorea. Kila Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, alitukusanya kwa robo saa na kutuuliza jambo lisilokuwapo. Ingekuwaje kama kabati lingechorwa na mtu anayeishi chumba kimoja Kariakoo na watoto sita? Ingekuwaje kama mbao zingekwisha kesho? Hilo la pili halikuchukua muda kuwa kweli. Sisi tuliozoea kungoja maelekezo kutoka juu tulitokwa jasho, lakini tulichora.

Mwaka 1973 aliuliza ingekuwaje kama kiti kingekuwa na miguu mitatu. Ndugu Pius, katibu wa kikao, alikuwa na sehemu ya "Maazimio" katika kumbukumbu zake iliyokaa tupu miezi mitatu, akaliandika swali hilo hapo. Karakana, kwa utii wa kupigiwa mfano, ikatoa stuli mia nne. Ndugu Filbert akatakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini asifukuzwe kazi. Akajibu kwamba aliuliza tu. Ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Miguu. Kabla haijakutana, Bi Thuraya, mwenye mgahawa karibu na soko, alinunua stuli thelathini, maana baraza lake lina mabonde na viti vya miguu minne havitulii pale. Majirani zake wakazimaliza zilizobaki. Kamati ikapewa cheti cha ubunifu, Ndugu Filbert akapewa onyo.

Hakununa. Kilichomkosesha raha ni tangazo la mwezi uliopita, kwamba robo saa yake haimo katika muundo wa Shirika na itastaafu pamoja naye. Nakiri hata mimi liliniuma.

Jumatatu iliyopita, yake ya mwisho, alitukusanya, kisha akaketi miongoni mwetu. Meneja alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba ni ya mwisho kweli. Ndipo Ndugu Candida, mgeni kuliko wote katika idara, aliposimama na kuuliza ingekuwaje kama wateja wangeingia humu kutueleza wanachotaka. Meneja alitazama saa yake. Sisi tukachukua penseli.

Asante sana, Ndugu Filbert. Tunakuombea afya njema, shamba lenye rutuba huko Mbinga, na majirani wavumilivu. Jumatatu tunaanza saa tatu na dakika arobaini na tano, kama kawaida.