Walidhani Ngamia Wangu Wamekufa

Alhamdulillahi, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na kabla ya neno lingine Mola apewe shukrani.

Mnanijua, dalali wa ngamia, mkaazi wa mtaa wa Galbet. Miaka ile ya mwanzo wa tisini tumbo langu lilitangulia kufika sokoni. Kila tukikubaliana bei, chai ya maziwa na sukari tele. Kwenye harusi, mkia wa kondoo uliojaa mafuta ulikuwa wangu, kwa heshima. Na kutembea? Nani atembee na gari lipo!

Siku moja mnadani kifua kikabana, jasho likanitoka, nikaanguka. Ndugu zangu, niliogopa! Daktari alinipima presha, akaniambia wazi nisipobadilika nitamwacha mke wangu Halima mjane. Halima alifika nyumbani akaifungia samli kabatini. Nikala maharagwe na sukuma wiki, nikanywa chai ya rangi bila sukari, huku nikilalamika kama ngamia anayepakiwa mzigo. Sigara nikaacha. Mnadani nikawa naenda kwa miguu, na suruali zikaanza kunipwaya.

Hapo majaribu yakaja. Habari zilifika kijijini Balambala, kwa jamaa zangu, kwamba nimekonda, na kwetu mtu akikonda ghafla, basi mifugo yake imekwisha. Mjomba wangu Adan akawachangisha jamaa, akaja na mbuzi wa kunianzishia maisha upya, na kondoo wa kunichinjia! Mkia ukawekwa mbele yangu, unang'aa. Kumkatalia mjomba mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Mate yalinijaa mdomoni, wallahi. Nikamtazama Halima, nikaona analia.

Nikamwambia mjomba, "Abti, mali yangu iko yote. Mimi ndio nilikuwa nakwisha."

Nilingoja anifokee. Alisukuma sinia kando, akaweka mkono kifuani.

"Hata mimi inabana hapa," akasema. "Nilifikiri ni uzee tu."

Kesho yake mapema nilimpeleka hospitali. Daktari alisema tumewahi. Ndugu zangu, mjomba yu hai, na chai yake siku hizi haina sukari, ananilaumu mimi!

Nawe unayebanwa kifua ukanyamaza kwa kuogopa watu, mtegemee Mola, kisha umwambie mtu leo. Mimi nilikaribia kufa kwa ajili ya heshima.