Mama Nukta na Njia Iliyofutika kama Doa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mwenzetu wa meza ya dirishani atarudisha funguo za kabati la ramani, atakabidhi buti zake za kazi na kuagana nasi baada ya miaka thelathini na miwili katika kitengo hiki cha ramani. Jalada la utumishi lina jina lake kamili. Sisi tunamwita Mama Nukta, na hata mkuu wa kitengo akimtafuta kwa simu huomba aunganishwe na Mama Nukta. Jina hilo lina sababu yake, na wasifu huu hauwezi kufika mbali bila kuieleza.

Alianza kazi enzi za meza za kuchorea, kalamu za wino na wembe wa kukwangulia makosa. Ramani ilikuwa karatasi pana kama shuka, na kila kitu kilijua mahali pake: barabara kuu mistari miwili, barabara ndogo mstari mmoja, njia ya mkokoteni vistari vilivyokatikakatika, na njia ya mguu, ile ya mtu mmoja mbele na mwenzake nyuma, nukta tu. Mgeni akapewa nukta, kwa kuwa wakubwa waliona ni kazi isiyohitaji hata rula. Mgeni akazipenda. Akazitia kwa mkono mpaka akaota sugu kwenye kidole cha kati, na sugu hiyo huwaonyesha watu hadi leo kama wenzake wa umri wake wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Ila nukta peke yake zisingemfanya awe yeye. Ni maswali. Kwa Mama Nukta njia ya mguu ni kitu cha ajabu kuliko daraja la chuma. Nani alianza kupita hapa? Mbona imezunguka kichaka hiki, ilhali kule ni kweupe? Na hawa wanaopita, wanapita kwa haki au kwa hisani ya mwenye shamba? Alituzoesha kuona kwamba jibu la swali hilo la mwisho halipo angani. Picha ya setilaiti itakuonyesha mchirizi wa udongo katikati ya majani, lakini haitakuambia kama ni wa watu au wa ng'ombe, na penye miti minene haitakuonyesha kitu. Wala haitakuambia kama mwenye kiwanja anaweza kuamka kesho akaufunga. Ndiyo maana katika ramani yetu ya kompyuta nukta zina rangi mbili. Za kijivu maana yake watu hupita. Za kijani maana yake watu wana haki ya kupita. Mgeni hudhani ni urembo tu. Kumbe kutoka kijivu kwenda kijani kuna vikao, majirani walionuniana na ugali mwingi uliopoa mezani, na Mama Nukta amekalia vikao hivyo kuliko mtu yeyote katika jengo hili.

Sheria yake ilikuwa moja: hatii nukta mahali ambapo hajatia mguu. Tulipoletewa programu inayochora njia kutokana na mienendo ya simu za watu, wengi wetu tulifurahi, tukaona sasa kazi itajifanya yenyewe. Wiki hiyohiyo programu ikatuletea njia mpya inayopitwa sana, nzuri, ya mviringo, nyuma ya ghala la saruji. Mama Nukta akatazama ule mviringo, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, akavaa buti. Alimkuta mlinzi wa ghala, simu mfukoni, akizunguka lindo lake kama alivyoajiriwa kufanya. Alirudi ofisini akicheka mpaka machozi. Baadaye alipotulia alisema jambo lililotuondolea kicheko: kwamba kama mlinzi mmoja mwenye simu anaweza kuzaa njia, basi kuna wengi wasio na simu ambao njia zao hazitazaliwa kamwe.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mumewe, fundi cherehani mpole, amekuwa akilalamika tangu uchumba kwamba hajawahi kufika popote na mkewe bila kupitia kwenye umande. Binti yao alipoolewa, mama mtu alijitolea kuchora ramani ya kadi ya mwaliko, akaweka njia ya mguu anayoiamini yeye, fupi na yenye kivuli. Njia ilikuwa sahihi kabisa. Kilichomponyoka ni kwamba usiku ule mvua ilinyesha. Wakwe waliingia ukumbini wameshika viatu mkononi, na fundi cherehani akashinda nusu ya sherehe akifuta tope kwenye pindo za magauni aliyoyashona mwenyewe. Mkwe wake mkubwa bado humwamkia kwa kuuliza hali ya barabara.

Sasa tuje kwenye kosa. Mama Nukta mwenyewe hupenda lisimuliwe, na kila mfanyakazi mpya amesimuliwa siku yake ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Ni katika miaka ile ya kuhamisha ramani za karatasi kwenda kwenye kompyuta. Karatasi zilipigwa picha moja moja, na kwa kuwa zilikuwa na vumbi, matone ya chai na vinyesi vya nzi, programu ilikuwa na kitufe cha kusafisha madoa. Kila kidoa kidogo kilichosimama peke yake, kisichogusana na mstari wowote, kilifutwa. Ramani zilitoka safi, zinang'aa. Aliyekuwa akikibonyeza kitufe hicho ni yeye. Barabara zilibaki, vistari vya mikokoteni vilibaki, ila njia za mguu, ambazo ni vidoa vidogo visivyogusana, zilifagiliwa pamoja na chai na nzi. Mtu aliyezitia kwa mkono ndiye aliyezifuta kwa kidole, na hakuna aliyegundua mpaka kazi ilipokwisha na watu wakapongezana.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alilia siku moja, siku ya pili akaomba zile karatasi za zamani, siku ya tatu akaanza kuzirudisha nukta, njia baada ya njia, na kila njia aliikanyaga upya. Imemchukua sehemu kubwa ya utumishi wake. Wapo waliopandishwa vyeo wakampita, na wapo waliomwambia njia za mguu hazina faida. Yeye alikuwa ameahidi kwamba hataondoka hapa na njia hata moja ya watu ikiwa bado imefutika, na ahadi hiyo ilikaa kifuani mwake kama deni.

Mwanzoni mwa mwaka huu aliamini amemaliza. Tulikuwa tumeshaanza kumtania kwamba atastaafu kwa kukosa kazi. Ndipo wifi yake, dada wa fundi cherehani, anayeishi mtaa wa juu nyuma ya kiwanda cha mbao, alipokuja ofisini akichechemea na mguu umefungwa bandeji. Hakuketi. Alisema maneno machache ambayo sote tuliyasikia: "Wifi, ramani yako imetufungia njia. Huyo bwana wa mbao kaweka geti, anasema kwenye kompyuta yenu hapapiti mtu."

Wifi huyo ana kidonda cha mguu kinachosafishwa zahanati kila baada ya siku mbili. Kwa njia ya nyuma ya kiwanda, zahanati ni jirani. Kwa barabara kuu, ni kuzunguka mtaa mzima juani, na kidonda hakipendi safari. Wakati huohuo simu za watu wa mtaa wa juu, zinazosoma ramani yetu, zilikuwa zikiwaambia wazunguke, kwa sauti tamu, bila haya.

Ilikuwaje njia hii ikamponyoka? Kona ile ilikuwa hasa mahali karatasi mbili za zamani zilipokutana, na ukingo wa zote mbili ulikuwa umeozeshwa na maji ya paa la stoo. Kila aliposhika karatasi moja alidhani njia ile iko kwenye nyingine. Zaidi ya hayo, aliipita yeye mwenyewe kila alipokwenda kumjulia hali wifi, na njia unayoipita kwenda kwa wifi huwazi kuitafuta ramanini. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wifi akamnunia, simu hapokei, na fundi cherehani akabaki katikati kama kitambaa kati ya meno mawili ya mkasi.

Kikao cha ardhi cha mtaa kikaitishwa. Mwenye kiwanda alikuja na ramani yetu iliyochapwa, ina muhuri wetu, haina nukta hata moja. Mama Nukta alitumwa kuwakilisha kitengo, na alishauriwa kwa upole aseme tu kwamba ramani inaonyesha inachoonyesha, kwa kuwa kukiri kosa kungewapa watu sababu ya kutilia shaka ramani nyingine zote. Alikuwa na miezi mitano tu ya kufika kwenye kiinua mgongo chake. Nilikaa nyuma yake siku ile.

Alisimama akasema, kwa sauti ile anayoagizia chai, kwamba ramani ina kosa na kosa ni lake, akaeleza kitufe, madoa, chai na nzi. Mwenyekiti akamuuliza swali la haki: kama karatasi imeoza na kompyuta haina kitu, tutajuaje kwamba njia ilikuwapo? Mama Nukta akaomba kikao kitoke nje.

Tulikwenda wote hadi kwenye geti. Lilikuwa geti jipya, rangi bado inanuka. Hakuhutubia. Aliuliza tu, kwa udadisi uleule wa siku zote, kwa nini ukuta wa mawe uliojengwa na baba wa mwenye kiwanda una mwanya wa upana wa mtu mmoja, na kwa nini jiwe la chini la mwanya huo limelika katikati kama sabuni iliyotumika. Halafu akauliza kwa nini mtu agharamie geti mahali ambapo hapapiti mtu. Watu wa mtaa wa juu waliangua kicheko. Mwenye kiwanda alilitazama lile jiwe, naye akacheka, ingawa kwa shida. Akasema baba yake ndiye aliyeuacha ule mwanya. Akasema pia ukweli wake, ambao hakuna aliyekuwa amemuuliza: gogo liliwahi kuporomoka karibu na mama mwenye mtoto mgongoni, na tangu hapo yeye hakupata usingizi, ndipo akaweka geti. Mtu tuliyemdhani mkorofi alikuwa ameogopa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yaendavyo watu wakianza kusikilizana. Magogo yakasogezwa, uzio wa mbao ukawekwa kando ya njia, mbao zenyewe akazitoa mwenye kiwanda. Geti likang'olewa. Kikao kikaandika kwamba watu wana haki ya kupita. Mkuu wa kitengo, tuliyedhani atamwandikia barua ya onyo, aliagiza kila mahali ambapo karatasi mbili zilikutana na ukingo ukaoza kwa maji pakaguliwe kwa miguu, na zimepatikana njia nyingine kadhaa. Zamu ya buti ni yetu sasa. Kupotea njia ndiyo kujua njia, na kitengo kizima kimepotea pamoja naye.

Jumanne iliyopita aliketi kwenye meza ya dirishani, sisi tumemzunguka tukijifanya tuna shughuli. Akazitia nukta kuanzia mtaa wa juu, zikapita kwenye mwanya wa ukuta, zikashuka hadi mlango wa zahanati. Za kijani. Alipotaka kuhifadhi, programu ikafanya ilivyozoea: ikaona vidoa vidogo vidogo visivyogusana, ikamuuliza kama angependa visafishwe. Hakuna aliyecheka. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena, akalisoma lile swali kana kwamba halijui. Kisha akabonyeza Hapana, na akabaki amekishikilia kidole chake chenye sugu kwa mkono mwingine. Nilimwona akilia, na sioni kwa nini nisiseme.

Mama Nukta, tunakushukuru kwa kutuvalisha buti hata tusipotaka, kwa kutufundisha kuuliza nani anapita kabla ya kuuliza ni upana gani, na kwa kulibeba kosa lako mahali ambapo ungeweza kuliacha karatasini. Meza ya dirishani itapata mtu, lakini itachukua muda kabla hatujaacha kuigeukia kila tukiona mviringo wa ajabu.

Wifi yako ametuma salamu. Anasema Ijumaa atakuja kwenye sherehe ya kukuaga kwa miguu, kidonda kimeanza kufunga, na kwamba simu yake imemwelekeza apite nyuma ya kiwanda cha mbao. Nenda salama, dada yetu. Ule jasho lako ukiwa na afya, na kila njia utakayoishika, uikute wazi.