Fundi Appolinaire na Dumu la Maji ya Mvua

Baada ya miaka kumi na tisa na miezi minne ya kuiendesha, kuitengeneza na kuigombeza boti ya kituo chetu cha afya cha kando ya Ziwa Nakivale, Fundi Appolinaire Wilondja anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Mimi Vestine, mkunga wa kituo, ndiye niliyeombwa kumwandikia. Nimepanda boti yake mara nyingi kuliko mtumishi mwingine yeyote, kwa hiyo lawama za makala haya nitazibeba mwenyewe.

Fundi alizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, akajifunza kazi kwenye karakana za boti za Ziwa Tanganyika. Alifika Nakivale, hapa Uganda, akiwa mkimbizi mwenye shati moja na begi zima la spana. Kituo kilimwajiri Julai 2006. Tangu hapo hakuna jenereta, pampu wala pikipiki iliyopita mbele yake ikikohoa bila yeye kuisimamisha na kuisikiliza. Asubuhi huigusa injini ya boti kwa kiganja kabla hajamsalimu mtu. Wageni hukasirika, sisi tulishazoea.

Injini yenyewe ililetwa kutoka pwani ikiwa imeshazeeka. Huko ilikuwa ikivuta maji ya bahari, ikiyapitisha mwilini ili ipoe, kisha ikiyatema, na chumvi ilikuwa imeganda kwenye njia zake za ndani. Fundi alifurahi kwa niaba yake. Alisema imekuja kupumzika, maana ziwa letu halina chumvi. "Kwetu Fizi moteri inakunywaka maji ya ziwa, na haiko na shida," alituhakikishia. Ni kweli, Tanganyika unaona mawe ya chini. Lakini Nakivale ni ziwa la kina kifupi, lenye tope na majani, na hilo hakulipima.

Machi 2009 tulikuwa tunamvusha Jeannette, mkulima wa ng'ambo, uchungu wa mimba yake ya kwanza ukiwa umekwama. Katikati ya ziwa injini ilifoka mvuke, ikazima. Tope lilikuwa limeziba nafasi ndogo iliyoachwa na chumvi. Tulipiga makasia kwa muda wa saa mbili, tukipokezana. Jeannette alipona. Mtoto wake hakupona. Hadi leo inaniuma kuyaandika haya.

Watu walimshauri azibue tu njia za maji, boti irudi kazini. Yeye alipanda taksi hadi Mbarara, akaenda kambi ya jeshi kumtafuta Sajenti Kezironi, fundi wa malori aliyewahi kumuuzia vipuri. Kezironi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Kwani gari ya jeshi inakunywa maji ya barabara? Hapana. Iko na maji yake ndani." Fundi husema aliona aibu, halafu akaomba karatasi.

Walichochora siku ile ndicho kinachotuvusha hadi leo. Injini ingekuwa na maji yake safi, yanayozunguka humohumo bila kutoka. Yangepita kwenye mabomba ya shaba yaliyofungwa chini ya boti, ziwa liyapoze kwa nje, na tone la tope lisiingie ndani.

Mabomba aliyapata kwa wauza vyuma chakavu wa Kakoba, hukohuko Mbarara. Kwa kuogopa yasipinde, aliyafunga kwa vitenge vya mkewe na kuyalaza juu ya taksi. Ilipofika Isingiro, wanaume walivua kofia kwa ule mzigo mrefu, na mama mmoja akaanza kuombea marehemu. Fundi hakuwa na moyo wa kumkatiza. Alisubiri amalize, akaitikia amina.

Kazi ilichukua wiki tano. Aliiloweka injini kwa siki hadi chumvi ya bahari ikaachia, akatengeneza tangi dogo kutokana na rejeta ya lori bovu. Siku ya kujaza maji, Jeannette alikuja ufukweni na dumu kichwani. "Fundi, tia haya. Ni ya mvua," alisema, akaliweka chini na kuondoka.

Jaribio la kwanza injini ilichemka tena, kwa sababu Fundi alisahau kutoa hewa kwenye mabomba, na Kezironi, aliyekuwa ametumia likizo yake kuja kushuhudia, alicheka hadi akakaa chini. Siku ya pili ilinguruma kutwa nzima. Fundi aliweka kiganja juu yake na hakukitoa haraka.

Tangu hapo boti haijawahi kuzimika ikiwa na mama mjamzito ndani. Mwaka 2011 ilimvusha Jeannette huyohuyo, akajifungua Sonia, ambaye sasa ananizidi urefu. Na kila mwaka, siku ya kubadilisha maji ya injini, Jeannette huleta dumu lake. Huliweka chini, huondoka.

Mwezi uliopita Fundi aliniambia kwamba miaka yote hii hajawahi kumwomba msamaha, na hawezi kustaafu na deni hilo kifuani. Aliniomba nimsindikize. Wote wawili wameniruhusu kuandika kilichotokea. Alisimama mlangoni kwa Jeannette, kofia mkononi, akaanza kusema, akakwama, akaanza tena. Jeannette alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Fundi," alisema, "unafikiri yale maji nilikuwa nakuletea ya nini?"

Ijumaa Fundi atamkabidhi Ketty, anayechukua nafasi yake, funguo za boti, na dumu litakuwepo. Asante, Fundi Appolinaire, kwa kila mama uliyetufikishia. Tunakuombea miaka mirefu ya utulivu na afya njema. Na ukiamka asubuhi kiganja kikikuwasha, njoo uiguse injini yako. Haijachemka.